Afisa wa Nane Nane

Asubuhi video ilikuwepo. Saa saba na robo mchana, mbele ya meza ya mpelelezi, haikuwepo.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe nane Agosti, katika kituo cha polisi cha Voi. Nthambi alikuwa ameishika simu kwa mikono yote miwili, akaigeuza kumwelekea Sajini Mwanaesha Miraj, na badala ya video kukawa na ukurasa mweupe wenye mstari mmoja wa maandishi: *Video hii imeondolewa kwa amri ya serikali.*

"Ilikuwa hapa," Nthambi alisema. "Nimeiona leo nikinywa chai. Peris, mwambie."

Peris, mwanamke mrefu wa Kishushe mwenye sauti kavu, alimwambia. Yeye ndiye mwenye ukurasa wa Sauti ya Kishushe katika mtandao unaoitwa Tazama. Jumanne wanakijiji walipofunga barabara kwa mawe, wamechoka na malori ya madini yanayowapulizia vumbi watoto wao, alipanda juu ya jabali akarusha maandamano mubashara. Lori moja halikusimama. Likamgonga Mama Wakio, bibi wa miaka sabini na kitu aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki katikati ya njia, akafa hapo hapo. Watu wakatawanyika ndani ya vumbi, na hakuna aliyeona vizuri nani alikuwa kwenye usukani.

"Hata mimi sikuona," Peris alisema. "Nilikuwa natazama watu wanaokimbia, si kioo cha lori. Jana usiku nililala kwa mama huyu, ndiyo asubuhi tukaitazama pamoja, polepole. Sylus haendeshi. Sylus yuko chini, barabarani."

Sylus alikuwa mtoto wa pekee wa Nthambi, dereva wa lori hilo, na wakati huo alikuwa selo, hatua chache nyuma ya ukuta. Jumatano alijileta mwenyewe kituoni akiwa na wakili, akasema ni yeye aliyeendesha. Jumatatu angesomewa mashtaka ya kusababisha kifo, na akikiri mbele ya hakimu, basi tena.

"Una nakala?" Mwanaesha aliuliza.

"Simu yangu ilijaa zamani. Nikirusha mubashara, kitu kinabaki kwao Tazama, huko huko." Peris alipiga ulimi. "Nani angedhani kitaibiwa?"

Kwenye kiti cha pembeni alikuwa amekaa Mwangangi, mwenye lori, mwanamume mnene wa shati la kitenge. Mwanaesha alikuwa naye tangu saa tano, anaandikisha maelezo, na simu zake zote mbili zilikuwa zimelazwa juu ya meza muda wote huo. Mwangangi aliusoma ule mstari wa maandishi, akashusha pumzi ndefu.

"Serikali ikishasema, mimi na wewe ni nani?" alisema.

Konstebo wa kaunta alicheka kidogo. Wote waliokuwa pale, hata mahabusu mmoja aliyekuwa akipiga deki, walianza kuilaumu Nairobi: Nairobi imefuta, Nairobi inalinda matajiri, Nairobi hivi na vile. Mwanaesha alizaliwa Voi, nyuma ya soko, babake alikuwa akiuza vitambaa, na alijua hasira za watu wake zinavyopenda njia iliyokwisha kukanyagwa. Lakini yake pia ilikuwa inampanda.

"Mama, mbona hukuja asubuhi?" aliuliza.

"Nilimpigia wakili wa Sylus kwanza. Akaniambia nisije peke yangu, nimsubiri tuje pamoja saa saba. Nimengoja mpaka nikachoka."

Wakili mwenyewe aliingia wakati huo huo, jasho likimtiririka, faili kwapani. Wakili Kaveke alikuwa na ofisi ghorofani karibu na mahakama, na ada ya kumtetea Sylus alikuwa analipwa na Mwangangi, kwa huruma, kama alivyopenda kusema. Aliitazama ile simu kwa nukta chache. Kisha akamwekea Nthambi mkono begani.

"Pole sana, mama yangu. Nilitamani tuiwahi. Lakini hapa tusidanganyane, wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wakishatoa amri, sisi hatuna mkono wa kuwafikia. Tuangalie mbele. Kijana akikiri, tutaomba faini."

"Mwanangu hakuendesha," Nthambi alisema.

"Na ushahidi uko wapi?"

Nthambi aliizima simu, akaifunga kwenye leso, akaketi kwenye benchi kama mtu aliyeambiwa asubiri maiti.

*

Mwanaesha alianza na Tazama. Aliingia mlango wao wa polisi mtandaoni, akajaza kila walichotaka, akajibiwa na mashine: maombi yake yangeshughulikiwa ndani ya wiki sita. Wiki sita. Alimpigia mwakilishi wao wa Nairobi, kijana anayeitwa Munyoki, mwenye adabu nyingi na msaada kidogo.

"Madam, naelewa. Lakini video haikuondolewa kwa ombi la Kenya," Munyoki alisema. "Ni mamlaka ya Tanzania. Wametumia mlango wa dharura wa serikali."

"Tanzania? Video imepigwa Kishushe."

"Hapa wameandika Kishushe, wilaya ya Rombo, kwao."

"Na nyie mkaamini? Kishushe iko Taita, bwana. Kutoka hapa nilipo naweza kwenda nikarudi kabla ya magharibi. Hakuna hata mtu mmoja aliyefungua ramani?"

"Timu iko Ulaya, madam. Wao huthibitisha kwa simu. Walimpigia afisa aliyeomba, leo karibu saa sita mchana, akapokea akiwa ofisini kwake. Ameandikwa hivyo: yuko kazini, anazungumza kutoka mezani kwake. Video ikafungwa dunia nzima."

"Saa moja imewatosha kumsikiliza yeye. Mimi mnipe wiki sita."

"Ni utaratibu, madam. Mngeomba nyinyi Kenya, wangenipigia mimi, nami ningeuliza Voi. Tanzania hatuna mwakilishi."

Mwanaesha alifunga macho. Kwa hiyo mlango uliokuwa na mlinzi ulipitwa, ukatumiwa ule usio na mlinzi. Aliyefanya hivyo anaijua nyumba.

"Nipe namba waliyompigia."

Kijana alisitasita, kisha akaitoa, kwa sababu namba ya afisa hupewa mwenye ukurasa ili akate rufaa. Ilianza na mia mbili hamsini na tano. Mwanaesha aliipiga. Haikupatikana. Alizipiga namba za wazi za mamlaka yenyewe, mpaka jioni. Ziliita, ziliita, hakuna aliyeshika. Akapiga meza kwa kiganja, chai ikamwagika.

Mtoto wa watu yuko selo, alijisemea, na ukweli wake umefungiwa kabati moja huko Ulaya, ufunguo umeandikwa Tanzania, na mlango wenyewe uko Voi ambapo hakuna anayeweza kuugusa. Kila mmoja anamwonyesha mwenzake kwa kidole. Huu ni uhuni, na waliouvalisha suti wanauita utaratibu.

Kituoni walikuwa tayari wameshampata mshukiwa wao: Peris. Konstebo alisema amehongwa akafuta mwenyewe. Mwanaesha alimwita, akamuuliza wazi.

"Nihongwe nifute kisha nije na mama yake mpaka hapa?" Peris aliuliza. "Afande, Mama Wakio alinilea. Kile kiti cha plastiki ni changu, nilimpelekea mimi asichoke kusimama."

Macho yake yalikuwa mekundu lakini hakulia. Mwanaesha alimpa glasi ya maji, wakaachana na habari ya hongo.

Ile namba ilikuwa na jambo lake pia. Peris aliifananisha na namba zote zilizoandikwa kwa rangi ubavuni mwa malori ya Mwangangi, katika picha alizokuwa ameweka kwenye ukurasa wake miezi iliyopita. Ilikuwemo. Ilikuwa namba ya upande wa pili ya Wambua, wakala wa forodha wa Taveta, anayeyavusha malori hayo mpakani Holili.

*

Jumamosi asubuhi Mwanaesha alikuwa Taveta. Ilikuwa siku ya soko, lakini soko lenyewe lilikuwa limepwaya. Meza za vitunguu na mchele zilikuwa nusu tupu, na wanunuzi walikuwa wanalalamika. Ofisi ya Wambua ilikuwa kontena lililopakwa rangi ya samawati, karibu na yadi ya malori. Wambua alikuwa mfupi, mchangamfu, aliyeoa Mchaga wa Himo na kuwa na jamaa pande zote mbili. Alipoiona kadi ya Mwanaesha uchangamfu ulimtoka.

"Hii namba ni yako?"

"Yangu. Nilisajili mimi, kwa kitambulisho cha shemeji."

"Jana karibu saa sita ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, nimelala. Mkeo wangu shahidi... mke wangu, samahani, umenitia kiwewe."

"Mtu aliipokea hiyo simu jana, akajifanya afisa wa serikali ya Tanzania aliye kazini. Wewe unaijua Tanzania, namba ni yako, na malori unayoyavusha ni ya Mwangangi. Nikuulize nini tena?"

Hapo, jambo ambalo Mwanaesha hakulitarajia, Wambua alitabasamu.

"Afisa wa Tanzania, aliye kazini, jana?"

"Ndiyo."

"Madam, jana ilikuwa Nane Nane. Sikukuu ya wakulima. Kule hakuna ofisi ya serikali iliyofunguliwa, hata mlinzi anatamani kuondoka. Watu wote wako kwenye maonyesho. Unafikiri mimi nimelala nyumbani Ijumaa kwa uvivu? Hakuna karatasi inayosainiwa ng'ambo, lori halivuki. Hata soko hili umeliona, wenzetu hawajarudi na bidhaa." Alijipiga kifua. "Mimi nikitaka kujifanya afisa wao, nichague siku hiyo? Mke wangu angenicheka. Mtoto wa darasa la pili hapa Taveta angenicheka."

Mwanaesha aliukumbuka mlio wa zile simu zilizoita mchana kutwa bila kushikwa, naye akizilaani. Voi watu walikuwa kazini, benki zimefunguliwa, mahakama inaendelea. Kenya tarehe nane Agosti ni tarehe nane Agosti. Aliyejifanya afisa alikuwa mtu anayeuona mpaka kwenye ramani tu, asiyeishi nao.

"Laini yenyewe iko wapi?"

"Sinayo tangu mwezi wa sita. Nilimpa Mwangangi, ikae kwenye lori, dereva akifika Holili asipotee. Muulize yeye."

Mwangangi, basi. Lakini saa sita mchana Ijumaa Mwangangi alikuwa ameketi mbele yake, simu zote mezani, hajatoka hata kwenda msalani. Kama laini ilitoka kwa Mwangangi, mdomo ulikuwa wa mtu mwingine.

Njiani kurudi Voi, Mwanaesha aliirudia ile siku ya Ijumaa kituoni neno kwa neno, kama babake alivyokuwa akikunjua jora la kitambaa akitafuta tundu. Simu ilisema *amri ya serikali*, haikutaja serikali gani. Mwangangi alisema serikali. Konstebo alisema Nairobi, mahabusu alisema Nairobi. Yeye mwenyewe alifikiri Nairobi mpaka Munyoki alipomweleza, na hiyo ilikuwa baadaye. Mtu mmoja tu ndiye aliyeingia, akatazama ukurasa ule ule mweupe, akazungumza juu ya wenzetu wa ng'ambo ya mpaka.

Na ndiye huyo huyo aliyeambiwa habari za video kabla ya polisi, akamwambia mama wa watu asubiri.

Mwanaesha alisimamisha gari kando ya barabara, akashuka, akasimama kwenye jua. Hakuwa na hofu. Hasira tu.

Jioni hiyo alimfuata hakimu wa zamu nyumbani kwake. Laini ya Tanzania ikiwa Voi huazima minara ya Kenya, na minara ya Kenya haina haja ya kibali cha Ulaya. Hakimu alisikiliza, akatia sahihi amri ya minara na nyingine ya kwenda Tazama. Jumapili baada ya adhuhuri majibu yakaja, naye akayasoma amesimama.

*

Jumatatu, kabla ya mahakama kuanza, aliwakusanya katika chumba kidogo cha mashahidi: Nthambi na Peris kwenye benchi, Mwangangi dirishani, Kaveke amevaa joho tayari.

"Sajini, mteja wangu anasubiri," Kaveke alisema.

"Mteja wako yupi? Yule wa selo au huyu wa dirishani?"

Kaveke aliangalia saa yake.

"Ijumaa uliingia kituoni ukamwambia mama huyu kwamba amri imetoka ng'ambo ya mpaka. Nani alikuwa amekwambia?"

"Iliandikwa kwenye simu."

"Haikuandikwa. Mama, ifungue."

Nthambi alifungua leso, akafungua simu, akaisogeza. Mstari ulikuwa ule ule. Kaveke aliusoma.

"Nilidhani. Mambo haya huwa hivyo."

"Uliwaandikia Tazama kwamba Kishushe iko Rombo, kwa Watanzania, ukadhani na ofisi zao ziko wazi. Walipokupigia ukawaambia uko mezani kwako, kazini. Wakili, siku hiyo ilikuwa Nane Nane. Tanzania nzima ilikuwa kwenye maonyesho ya ng'ombe na mahindi. Afisa pekee wa Tanzania aliyekuwa kazini alikuwa hapa Voi, ghorofani, mtaa wa mahakama. Ulibadilisha laini ukasahau kubadilisha simu, na minara huandika namba ya kifaa chenyewe. Ile iliyobeba namba ya Wambua Ijumaa ndiyo hiyo uliyonayo mfukoni."

Kaveke alivua miwani, akaifuta kwa joho, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa tulivu kabisa.

"Haya. Tuseme ni hivyo. Kosa limetendeka wapi, Sajini? Kampuni iko Ulaya. Laini ni ya Tanzania. Anayedaiwa kuigizwa yuko ng'ambo. Sheria ya nani? Utaandika barua miaka miwili. Na Tazama hawatairudisha video kwa sababu wewe umekasirika."

"Kosa limetendeka wapi?" Mwanaesha alisogea karibu naye. "Mama Wakio amefia Kishushe. Sylus amelala selo hapo nyuma, siku tano sasa, kwa sababu mtu aliyelipwa amtetee ndiye aliyemzika. Uliniuliza wapi. Ni hapa, Wakili. Pote huko ulikopitia ni njia tu."

"Mimi sikumtuma kufuta," Mwangangi alisema ghafla, akiwa ameegemea dirisha. "Laini aliichukua mwenyewe garini. Nilimwambia tulipe matanga, tumalize na familia. Yeye ndiye aliyesema video ikitazamwa vizuri tumekwisha sote wawili."

"Nyamaza," Kaveke alisema.

"Sote wawili?" Peris aliuliza.

Mwangangi aliketi, uso kwenye viganja. Yakatoka yote. Machimbo ya Kishushe yalikuwa yao wawili, nusu kwa nusu, ingawa jina la wakili halikuandikwa popote. Jumanne walikuwa wote ndani ya lori. Walipolikuta lile zuio Sylus alizima injini, akasema pana wazee pale mbele, hapiti, akashuka. Mwangangi akashika usukani. Kaveke, pembeni yake, akamwambia apige tu honi, watatoka wenyewe. Baada ya hapo wakili akamtisha kijana: lori lilikuwa mkononi mwako, jina lako ndilo lililo kwenye karatasi, ukikataa utafungwa maisha, ukikiri ni faini tutakayolipa.

Nthambi alisimama, akamwendea Kaveke, mwanamke mfupi mbele ya joho jeusi.

"Nilikupigia wewe kwanza," alisema. "Kabla ya polisi, kabla ya mchungaji. Nilikwambia wakili, Mungu amenionyesha. Ukaniambia subiri."

Kaveke alianza kuvua joho.

Video ilirudi saa nne kasorobo. Mwanaesha alikuwa ameipigia mamlaka ya Tanzania mara tu ofisi zao zilipofunguliwa, na safari hii simu ikashikwa. Afisa wa kweli alisikiliza mpaka mwisho, akaomba arudiwe sehemu ya Nane Nane, kisha akakasirika kwa Kiswahili safi kabisa, akawapigia Tazama yeye mwenyewe. Wakamtii. Ombi la mama halikuwatikisa, wala la polisi wa Kenya, wala sahihi ya hakimu wa Voi iliyotumwa tangu Jumapili. Walimtii mwenye ule mlango, kwa sababu mlango ulikuwa kwa jina lake.

Hakimu aliitazama mara mbili. Vumbi, mayowe, lori likinguruma. Nyuma ya kioo Mwangangi kwenye usukani, Kaveke pembeni ameinua mkono kuelekeza mbele. Na chini, barabarani, kati ya lori na kiti cha plastiki, Sylus anakimbia kinyumenyume mikono juu, akipiga boneti kwa viganja, mdomo wazi, mpaka lori linamsukuma kando.

"Mshtakiwa," hakimu alisema, "unasema nini?"

Sylus alikuwa anamtazama mamake.

"Nilikataa, mheshimiwa," alisema. "Nilikataa kuendesha."

Mchana, kwenye ngazi za mahakama, simu ya Peris ililia. Ulikuwa ujumbe wa Tazama, kwa Kiswahili cha mashine. Aliusoma kwa sauti: walikuwa wanasikitika kwa usumbufu uliojitokeza.

"Usumbufu," Nthambi alisema.

Mwanaesha alijua kwamba mlango ule bado uko wazi, na kwamba mwenye akili kuliko Kaveke ataangalia kalenda kwanza.

Nthambi alimpa Peris simu yake, ile ndogo yenye kioo kilichopasuka pembeni. Kwanza alifuta picha zake zote mwenyewe, moja moja: za harusi, za kanisa, za mbuzi, mpaka nafasi ikapatikana.

"Iweke humu," alisema. "Iwe ndani ya kitu ninachoweza kukishika."